Sheria Iko Marekani, Sahihi Iko Kinshasa

Mwaka 1844, miaka sabini na kitu kabla ya mji wa Likasi, katika Katanga ya Kongo, kuanzishwa, wajumbe wa Kanisa la Methodisti la Marekani walikutana New York kwa Konferensi yao Kuu. Mbele yao ililetwa kesi ya askofu James Osgood Andrew wa Georgia, ambaye kwa njia ya ndoa alikuwa amekuwa mwenye watumwa. Wajumbe wa kaskazini walimtaka asimamishe kazi yake ya uaskofu mpaka atakapoachana nao. Wajumbe wa kusini wakauliza: Konferensi Kuu imepata wapi uwezo wa kumsimamisha askofu aliyechaguliwa kihalali? Makao makuu yana mamlaka kiasi gani juu ya mtu wa jimbo? Mwaka uliofuata watu wa kusini walijitenga, wakaunda kanisa lao.

Habari hii inaonekana kuwa ya mbali na Katanga, lakini kila Mmethodisti wa Likasi anaishi ndani yake. Wamarekani hao walipokuja Kongo kuhubiri, walikuja wakiwa makanisa mawili. Kanisa la kaskazini lilishika Katanga. Kanisa la kusini lilishika Sankuru, kwa Watetela, likajenga kituo chake Wembo Nyama. Mpaka leo Wamethodisti wa Kongo wa kati na wale wa kusini wana desturi tofauti, misioni mama tofauti, na kumbukumbu tofauti za wazungu waliowalea. Ugomvi wa Wamarekani juu ya watumwa ulichorwa hivyo kwenye ramani ya Kongo, na hakuna Mkongo aliyeulizwa.

Njia ya Sankuru ilifunguliwa mwaka 1911 na 1912 na watu wawili waliosafiri pamoja: askofu mzungu Walter Russell Lambuth, na mwalimu mweusi John Wesley Gilbert wa chuo cha Paine kule Augusta, mtaalamu wa Kigiriki. Walitembea wiki nyingi hadi kwa chifu Wembo Nyama. Misioni ilipofunguliwa rasmi mwaka 1914, waliokuja kuikaa walikuwa wamisionari weupe. Gilbert hakurudi tena.

Katanga ilianza kwa namna nyingine, na hapa ndipo mambo ya mamlaka na uhuru yanapoanza kuwa matamu. Mwaka 1884 kanisa la kaskazini lilimchagua William Taylor kuwa askofu mmisionari wa Afrika. Taylor aliamini kwamba misioni lazima ijilishe yenyewe, kwa mashamba, kwa ufundi na kwa biashara ndogo, bila kungoja hundi kutoka kwa bodi ya kanisa. Wakuu wa misioni kule Marekani hawakumpenda kwa sababu hiyo. Walimwona kama mtu anayejenga kanisa nje ya daftari lao. Aliwapeleka watu wake Angola na Kongo ya chini, wengi wakafa kwa homa, na sehemu kubwa ya kazi ile ya Kongo ikazama. Lakini katika watu wake wa Kongo ya chini alikuwamo mwanamke kijana, Helen Chapman, aliyefiwa huko na mume wake wa kwanza. Miaka ikapita, akaolewa na John McKendree Springer, mmisionari wa Rhodesia. Mwaka 1907 hao wawili walivuka Afrika kwa miguu kutoka upande wa Rhodesia mpaka bahari ya Angola, wakipita katikati ya nchi ya Walunda. Waliporudi mwaka 1910 walikuwa wameshaamua kuanzisha kazi Katanga. Bodi ya New York haikuwa na fedha za kuanzisha kazi mpya Kongo, na Springer alilazimika kuzunguka Marekani akitafuta wafadhili wake mwenyewe. Kanisa la Katanga lilianzishwa na watu waliokwenda mbele ya ruhusa ya makao makuu, na makao makuu yakaja kuliandikisha baadaye.

Springer mwenyewe hakuanza na mikono mitupu. Alikuta kazi imeshatangulia. Walikuwapo watu wa Kilunda na wa Kiluba waliochukuliwa utumwani mpaka Angola, wakasoma huko kwenye misioni, kisha wakarudi kwao wakiwa na kitabu mkononi. Walikuwapo vijana wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, waliofundishwa na wamisionari wa Kiskoti, waliofuata reli kuja migodini kama makarani na mafundi. Hao walikuwa wakikusanyika jioni kusoma na kuimba kabla mchungaji yeyote hajateuliwa kuwaangalia. Ukitaka kujua nani alianzisha ibada ya Kiprotestanti kwenye miji ya shaba, jibu ni wao. Majina ya wengi wao hayakuingia kwenye ripoti za New York, na huo nao ni uwezo wa makao makuu: kuamua nani aandikwe.

Reli ilifika Kambove mwaka 1913. Springer akaweka kituo huko, na kutoka hapo kazi ikaenea mpaka Musumba, kwa Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda. Baadaye, kampuni ya migodi ya Union Minière ilipojenga viwanda vyake Panda, na Likasi ikaanza kuwa mji, yeye na Helen walihamia Panda. Mwaka 1931 serikali ya Kibelgiji iliupa mji jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni. Jina la Likasi likarudi mwaka 1966.

Mji wa kampuni una sheria zake. Nyumba ni ya kampuni, hospitali ni ya kampuni, shule ya kambi ni ya kampuni, na kampuni ilikuwa imekubaliana na Wakatoliki. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza Kanisa Katoliki la Katanga kuanzia 1910 mpaka alipofariki mwaka 1958, alikuwa na sauti kubwa kwa Union Minière na kwa serikali. Shule za Kikatoliki zilipata ruzuku ya serikali tangu miaka ya 1920. Waprotestanti hawakuipata mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa Wamethodisti wa Panda na Shituru, mitaa ya Likasi, hili lilikuwa pigo, maana mtoto aliyetaka kazi nzuri kiwandani alipitia shule ya mapadri. Lakini kutengwa kule kuliwapa kitu kingine. Kanisa lao halikuwa mkono wa kampuni. Wahubiri wao walikuwa wafanyakazi wenyewe, na kwenye mitaa iliyo nje ya kambi waliendesha ibada bila mkubwa wa kambi kuwasimamia. Naamini tabia ya Wamethodisti wa Likasi ya kupenda mikutano, kamati na kupiga kura ilikomaa katika miaka hiyo, walipokuwa pembeni.

Watu wa nje ya kanisa hili mara nyingi hudhani kwamba askofu wa Kimethodisti ni kama askofu wa Kikatoliki asiye na Papa. Mpango wao uko hivi. Mwili wa msingi wa kanisa ni Konferensi ya Mwaka, yaani mkutano wa wachungaji na wajumbe wa walei wa eneo fulani, kwa idadi sawa. Huo ndio unaokubali watu waingie katika uchungaji. Askofu anausimamia, na yeye ndiye anayempanga kila mchungaji mahali pake. Juu yake iko Konferensi ya Kati, iliyogeuka kuwa konferensi ya kanda Novemba 2025, ambayo kwa nchi zisizo Marekani ndiyo inayochagua maaskofu. Na juu ya wote iko Konferensi Kuu, inayokutana kila miaka minne, ambayo ndiyo inayobadili Kitabu cha Disiplini, kitabu cha sheria za kanisa zima. Tangu karne ya 18 mkutano huo haujawahi kufanyika nje ya Marekani hata mara moja.

Mwaka 1936 Springer alichaguliwa askofu wa Afrika, lakini askofu mmisionari. Cheo hicho kilikuwa na mipaka: mamlaka yake yaliishia kwenye shamba alilopewa, wala hakuwa sawa na maaskofu wenzake waliosimamia kanisa zima. Mzungu huyu aliyekaa Katanga robo karne alikuwa na uwezo mkubwa sana Panda na Kambove, na uwezo mdogo sana kule ambako fedha ziligawanywa.

Kisha ukaja mwaka 1939. Makanisa ya kaskazini na kusini yaliungana tena huko Kansas City, na watu wa kusini walidai bei yao. Kanisa liligawanywa katika majimbo, kila jimbo lichague maaskofu wake. Majimbo matano yalifuata ramani. La sita lilifuata rangi: Wamethodisti weusi wa Marekani, popote walipoishi, waliwekwa kwenye jimbo lao peke yao, lililoitwa Jimbo la Kati. Wengi wa wajumbe weusi waliupinga mpango huo, wakashindwa. Lengo lilikuwa wazi: askofu mweusi asije akawaongoza wazungu wa Alabama. Uhuru wa majimbo, ambao leo unasifiwa kama haki ya kila eneo kujiamulia, ulijengwa na watu waliotaka kulinda ubaguzi.

Waafrika waliuchukua mpango huohuo na kuutumia kwa faida yao. Kama kila eneo lina haki ya kuchagua askofu wake, basi hata Afrika inayo. Mwaka 1944 Newell Booth, Mmarekani aliyefanya kazi Katanga, alimrithi Springer, akaweka makao yake Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Lakini katika miaka ya 1950 wachungaji wa Kongo walikuwa wameshajua kusoma Disiplini kwa jicho la mwanasheria. Walijua kwamba Konferensi ya Kati ya Afrika, iliyounganisha Kongo, Angola, Msumbiji na Rhodesia, ingeweza siku moja kumpigia kura mtu wao.

Siku hiyo ilikuja baada ya dhoruba. Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza Katanga kuwa nchi inayojitegemea. Tshombe alikuwa mtoto wa nyumba ya Kimethodisti, aliyezaliwa Musumba na kusoma kwenye shule za misioni. Mpinzani wake mkubwa wa Kiluba, Jason Sendwe, alikuwa Mmethodisti pia. Na Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga Januari 1961, alisoma kwa muda kwenye misioni ya Kimethodisti ya Wembo Nyama. Pande zilizopigana zilikuwa zimelelewa na kanisa moja, hata kama kanisa lenyewe lilikuwa limelelewa na pande mbili za Marekani. Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ireland walizingirwa hapahapa Jadotville, wakapigana siku tano mpaka risasi zilipokwisha. Wachungaji wa mji walibaki na waumini wa Kilunda, Kiluba, Kisanga na Kikasai kwenye benchi moja, kila kundi likiwa na waliofiwa wake.

Uasi wa Katanga ulikwisha Januari 1963. Mwaka 1964 Konferensi ya Kati ya Afrika ilimchagua John Wesley Shungu kuwa askofu wa kwanza Mkongo wa kanisa hilo, pamoja na Escrivão Zunguze wa Msumbiji. Katika mwaka huohuo waasi wa Simba waliingia Sankuru, na mmisionari Burleigh Law, rubani, aliuawa Wembo Nyama. Kanisa lilipokea uongozi wake mikononi mwa Wakongo wakati wazungu wengi walikuwa wakikimbia na vituo vikichomwa. Haikuwa makabidhiano ya utulivu, na nadhani ndiyo sababu Wakongo wa kizazi kile hawakuuona uaskofu kama zawadi.

Shungu alikuwa mtu wa Sankuru. Aliyemfuata mwaka 1972, Fama Onema, naye alikuwa wa Sankuru. Si vigumu kuelewa walivyojisikia watu wa kusini, ambao siasa ya Katanga ilikuwa bado moto vifuani mwao: makao makuu yametoka New York, yamekwenda kwa majirani. Mwaka 1976 Ngoy Kimba Wakadilo alichaguliwa askofu wa Shaba ya Kaskazini, jina la Katanga Kaskazini wakati huo, na mwaka 1980 Katembo Kainda akapewa kusini. Sasa Likasi ilikuwa na askofu wa karibu, aliyekaa Lubumbashi, anayejua njia ya Panda, anayehubiri kwa Kiswahili.

Lakini wakati huo mkono mwingine ulikuwa umeshaingia, mkono wa Kinshasa. Mwaka 1970 Baraza la Waprotestanti liligeuzwa kuwa kanisa moja, Kanisa la Kristo katika Kongo, chini ya Jean Itofo Bokeleale. Tarehe 31 Desemba 1971 serikali ya Mobutu ilitoa sheria iliyotambua makanisa machache tu: Katoliki, Kimbangu, na hilo la Kiprotestanti. Kila dhehebu la Kiprotestanti likawa jumuiya ndani yake. Wamethodisti, Wabaptisti, Wapentekoste, Wapresbiteri, wote mlango wao wa kuingilia serikalini ukawa mmoja. Hati ya uwanja, ruhusa ya kufungua parokia, karatasi ya mmisionari kuingia nchini: vyote vilihitaji utambulisho uliopitia Kinshasa. Askofu sasa alikuwa pia mwakilishi wa kisheria wa jumuiya yake, na mtu asiye na sahihi hiyo hakuwa na kanisa mbele ya sheria, hata kama waumini wote wako nyuma yake.

Shule ndizo zinazoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule zote za makanisa. Zilipoharibika, akazirudisha kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977. Mkataba huo kwa upande wa Waprotestanti uliwekwa sahihi na Kanisa la Kristo, wala haukuwekwa na kila jumuiya peke yake. Mwalimu wa shule ya Kimethodisti ya Likasi alifundisha katika jengo lililojengwa na sadaka za Wamarekani na nguvu za wazee wake, akalipwa na serikali ya Kinshasa, akasimamiwa na ofisi ya Kiprotestanti ya mkoa. Ukimwuliza bosi wake ni nani, angehitaji vidole vitatu kuonyesha.

Wakatoliki wa mji huu nao wana kisa chao, na nitakigusa kidogo kwa sababu kinaonyesha upande wa pili. Katika miaka ya 1950 padri Mfransisko Placide Tempels, mwandishi wa kitabu cha falsafa ya Kibantu, alianzisha Kolwezi kundi la wafanyakazi na wake zao, lililoitwa Jamaa. Lilisambaa mpaka Likasi na Lubumbashi. Mafundisho yake yalikuwa kwa Kiswahili, viongozi wake walikuwa baba na mama wa kambi, na padri alikaa kati yao kama mmoja wao. Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962. Katika miaka ya 1970 maaskofu walilibana kundi kwa masharti makali, na waliokataa wakahesabiwa kuwa nje ya Kanisa. Jamaa hawakuwa na mahali pa kukata rufaa. Hawakuwa na konferensi, hawakuwa na kura, hawakuwa na kitabu cha sheria ambacho wangeweza kukifungua mbele ya askofu na kumwonyesha ukurasa. Mmethodisti anayelalamika juu ya uzito wa Disiplini yake akumbuke hilo.

Mwaka 1992 na 1993 Likasi ilipata aibu ambayo haijasahaulika. Siasa ya Katanga kwa Wakatanga, iliyochochewa na gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, iliwafukuza watu wa asili ya Kasai kutoka nyumba zao. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye kituo cha treni cha Likasi kwa miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka nchi ambayo wengine hawakuwahi kuiona, na wengi walikufa hapo au njiani. Makanisa ya madhehebu yote yalipoteza walimu, waimbaji, wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi vya sala. Naitaja hapa kwa sababu wanaosifu uhuru wa kanda bila kipimo wanapaswa kupita kwenye kituo kile. Kanda nayo inaweza kuwa katili kwa wadogo waliomo ndani yake, na wakati huo mtu wa karibu ndiye wa kuogopwa zaidi kuliko wa mbali.

Turudi kwa fedha. Wazee wetu walisema mkono mtupu haulambwi. Mishahara ya maaskofu wa Kimethodisti wa Afrika hutoka kwenye mfuko mmoja wa kanisa zima, na karibu fedha zote za mfuko huo zimetoka kwenye parokia za Marekani. Kuanzia mwaka 2017 ndipo makanisa ya nje ya Marekani yalipopangiwa kwa utaratibu rasmi mchango wao katika mifuko ya kanisa zima. Wakati huohuo kanisa la Marekani lilikuwa linapungua na la Afrika linakua, na Kongo imekuwa nchi yenye Wamethodisti wengi kuliko nchi yoyote nje ya Marekani. Waumini wako upande mmoja, kasha liko upande mwingine. Hali hiyo imempa askofu wa Afrika nguvu ya pekee: yeye ndiye daraja. Fedha za kisima, za hospitali, za gari la distrikti, za masomo ya kijana anayekwenda chuo cha Mulungwishi, kwenye njia ya Kolwezi, zinapitia ofisi yake. Mchungaji wa Likasi anayetofautiana na askofu wake haogopi kuhamishwa tu; anaogopa pia kwamba mlango wa msaada utafungwa kwa parokia yake.

Askofu Katembo Kainda aliongoza kusini kwa miaka 37, mpaka 2017, alipochaguliwa Kasap Owan. Eneo la askofu wa kusini limegawanyika katika konferensi kadhaa, na kwa miaka mingi hata Wamethodisti wa Zambia walikuwa chini yake. Miaka 37 ni zaidi ya nusu ya umri wa kanisa lenye askofu Mkongo. Kizazi kizima cha wachungaji kilipangwa, kikahamishwa na kikastaafishwa na sahihi ya mtu mmoja. Sisemi kwamba aliitumia vibaya. Nasema kwamba mamlaka yaliyosafiri kutoka New York yalishuka kwenye gari Lubumbashi, na kilomita 120 zilizobaki mpaka Likasi hayajazimaliza.

Upande wa Marekani, mambo yalichacha kwa sababu nyingine. Mwaka 2008 Konferensi Kuu ilipitisha mabadiliko ya katiba ili Marekani nayo iwe kanda kama kanda nyingine, lakini mwaka uliofuata konferensi za mwaka duniani hazikutoa kura za kutosha. Mwaka 2019, kwenye mkutano maalumu wa St. Louis, kanisa liliamua kwa kura 438 dhidi ya 384 kushika sheria kali juu ya ndoa na uchungaji wa mashoga, na kura za Waafrika ndizo zilizoamua. Hapo Wamarekani wengi wakahisi jambo ambalo Wakongo walikuwa wamelizoea tangu Springer: kuongozwa na kura za watu wa mbali wasioishi maisha yenu. Viongozi wa Ufilipino, Ulaya na Afrika walikuwa tayari wanaandaa pendekezo jipya la kanda. Korona ikaahirisha mkutano wa 2020 mpaka 2024.

Mkutano huo ulifanyika Charlotte. Wajumbe walikuwa 862, na Afrika ilikuwa na asilimia 32 ya viti, ingawa wajumbe wengi wa Afrika hawakupata visa kwa wakati. Tarehe 25 Aprili mpango wa kanda ulipita kwa kura 586 dhidi ya 164. Siku chache baadaye marufuku ya wachungaji mashoga iliondolewa kwa kura 692 dhidi ya 51. Kanisa la Côte d'Ivoire likajitoa mwezi uliofuata. Wengine wa Nigeria wakagawanyika. Kongo ilibaki, na Askofu Mande Muyombo wa Katanga Kaskazini alikuwa miongoni mwa Waafrika waliotetea mpango wa kanda kwa nguvu: kila kanda iandike sheria za ndoa na uchungaji wake, na pasiwe na kanda inayoilazimisha nyingine. Waliopinga katika Afrika walisema kwamba kubaki katika jina moja na kanisa lililobadili mafundisho ni kujidanganya, na kwamba Wamarekani wanatupa uhuru baada ya kuona kwamba wangeshindwa kwa kura zetu. Hoja hiyo ya pili si nyepesi. Ni kweli kwamba makao makuu mara nyingi hugawa mamlaka pale yanapoona kwamba yatayapoteza. Lakini mtu akikurudishia shamba lako kwa sababu zake, shamba bado ni lako, na kazi ya kulilima inakungoja.

Novemba 2025 matokeo ya kura za konferensi za mwaka yalitangazwa: zaidi ya asilimia 91 wamekubali. Konferensi ya Kati ya Kongo imekuwa konferensi ya kanda, yenye haki ya kuchapisha Disiplini yake, kuweka masharti ya mchungaji na ya mshirika, kutunga ibada zake za ndoa na mazishi, na kuunda mahakama zake za kanisa. Fedha za maaskofu na idadi yao bado zinaamuliwa na Konferensi Kuu. Sahihi ya mwakilishi wa kisheria bado inahitaji Kinshasa.

Yapo maswali ambayo Disiplini ya kanda inaweza kuyajibu na ambayo waumini wa Panda, Shituru na Kikula wanayajadili nje ya kanisa baada ya ibada. Askofu akae madarakani miaka mingapi? Parokia iulizwe au isiulizwe kabla mchungaji wake hajahamishwa? Hesabu za misaada inayoingia Lubumbashi zisomwe wapi, na kwa lugha gani? Akina mama wa Kipendano, chama cha wanawake wa kanisa, wanaojaza viti na kuleta sehemu kubwa ya sadaka, wawe wangapi kati ya wanaopiga kura? Kwa miaka ya karibuni wajumbe wetu wamekuwa wakisikiliza Konferensi Kuu ikitafsiriwa kwa Kiswahili kupitia vifaa vya masikioni. Kitabu cha kanda hakitahitaji mtafsiri wa namna hiyo, maana kinaweza kuandikwa tangu mwanzo kwa Kiswahili. Mjumbe wa walei anayepanda basi kutoka Likasi kwenda Lubumbashi kwenye Konferensi ya Mwaka ni mmoja wa watakaochagua watu wa kukiandika.